Aliyekataa Barazani

Daktari Sahro alipochaguliwa mkuu wa chuo kikuu kimoja pale Isiolo, alikuta ukumbi wa baraza unanuka nywele zilizoungua. Madirisha yalikuwa wazi, upepo wa adhuhuri ukiingia na vumbi lake, lakini harufu haikutoka.

"Utazoea, madam," katibu wake, Kathure, alimnong'oneza. "Sisi tulizoea."

Alasiri hiyo Sahro aliliomba baraza limrudishe kazini Luke, mhadhiri aliyefukuzwa kwa kudai wahadhiri nao wawe na kura. Wajumbe wakakubali, wakainua mikono. Ndipo sauti nzito ilipotoka kwenye kiti cha mwisho, kiti ambacho hakikuwa na mtu, ikasema, "Hapana," na mikono yote ikashuka kwa pamoja kama iliyovutwa na kamba, na mjumbe mmoja akaanza kulia kimyakimya huku akilisugua bega lake, na ule uvundo ukapanda hadi wakausikia kwenye meno, na hakuna hata mmoja aliyegeuza shingo kutazama kule.

"Nani huyo?" Sahro aliuliza.

"Ni ile kitu ya Profesa Mungania," Kathure alisema. "Aliileta akiwa mkuu, ndio asipingwe. Yeye alistaafu. Hiyo ikabaki."

Sahro akamwita Sheikh Shuriye kutoka Sericho. Sheikh alisoma mpaka koo likamkauka. Jini likacheka tu.

"Mama," alisema akijifuta jasho, "aliyelialika ndiye wa kulitoa."

Siku ya kikao kilichofuata, Mungania aliletwa na gari, mkongojo mkononi. Mlangoni akagoma.

"Likienda, mimi nitabaki nani?"

"Utabaki mzee Mungania," Sahro akamjibu kwa upole. "Luke ana watoto, mzee. Liambie litoke."

Akaliambia. Kiti kikaruka, kikapasukia ukutani, na kitu kama pumzi ya tanuri kikawapita nyusoni kwenda nje. Mbuzi wakalia kote malishoni, hadi mbali. Kisha hewa ikawa safi.

"Alhamdulillahi," Sheikh alisema.

"Tupige kura," Sahro alisema.

Mikono ikapanda, safari hii ikabaki juu. Kathure alikuwa ameanza kutabasamu.

"Hapana," Mungania alisema kutoka mlangoni, kwa sauti yake mwenyewe, sauti nyembamba ya uzee.

Hakuwa mjumbe tena. Lakini mkono mmoja ukashuka. Kisha mwingine.