Hasira za Bibi Shamba

Duka la vifaa vya ujenzi lilikuwa limefurika. Watu walisukumana mbele ya kaunta, huyu akitaka misumari, yule akidai chenji yake. Kwenye rafu lilibaki kopo moja tu la kumwagilia, na mikono miwili ililidaka kwa pamoja.

"Kaka, achia," alisema msichana mwenye gauni la manjano na buti za mpira zilizojaa udongo.

"Mimi ndiye niliyelishika kwanza." Kijana alivaa shati jeupe lililonyooshwa vizuri, ila vinywele vya watu vilikuwa vimemganda mikononi.

"Unalima nini wewe?"

"Silimi, ni kinyozi. Bomba la saluni limeziba, nataka kopo la kuoshea wateja vichwa."

"Kopo la mboga unamwagilia vichwa vya watu?"

"Huenda vikaota, dada. Wengine wana vipara."

Msichana alijitahidi kununa, akashindwa, akacheka. Kinyozi alimwachia kopo, akaondoka na namba yake ya simu.

Msichana huyo alikuwa na kitalu cha miche kando ya barabara kuu, na kila Jumamosi aliwafundisha watu kupanda bustani nyuma ya nyumba zao. Kinyozi alimbatiza Bibi Shamba. Walipigiana simu kila siku.

"Bibi Shamba wangu, umekula?"

"Nimekula. Wewe umenyoa wangapi?"

"Wengi. Mmoja nimemkosea kwa kukuwaza wewe."

"Usinitafutie kesi, mpenzi."

Mapenzi yaliponoga, Kinyozi akamwomba amfundishe mama yake. Tangu afiwe na mume, Mama Kinyozi alikuwa akishinda amejikunyata kwenye kochi, televisheni ikiongea peke yake. Bibi Shamba alikuja na jembe na kamba, akamwita uani pamoja na dada yake Kinyozi na rafiki wawili wa mama huyo. Aliwaonyesha kulainisha udongo, kupiga matuta, kusia mbegu za nyanya na pilipili hoho bila kuzifukia mno, kuhamisha miche jioni jua likipoa. "Na mbolea ya kuku," aliwaambia akiwanyooshea kidole, "msithubutu kuitia ikiwa mbichi. Itaunguza kila kitu. Iacheni ioze kwanza." Mama Kinyozi aliuliza maswali mpaka akasahau chai yake. Miche ilipohamishiwa kwenye matuta, alikuwa akiamka mapema kuisalimia.

Sasa msikilize huyu kinyozi. Mwanamume akitaka kuharibu jambo jema, huanza kwa kusema, "nilitaka kukufurahisha." Aliona miche inachelewa. Siku ambayo mama yake na dada yake walikuwa wamekwenda kulala kwa shangazi, alinunua gunia la mbolea mbichi ya kuku, akaimwaga yote. Kesho yake asubuhi miche ilikuwa imelala chini, majani yamekauka. Badala ya kusema ukweli, alikimbilia kwa muuza miche wa upande wa pili wa mji, akanunua nyanya na pilipili hoho zilizokwisha kuwa kubwa. Akazoa mbolea yake na miche iliyokufa, akatupa, kisha akazifukia zile mpya kwa pupa kabla mama hajarudi.

Mama Kinyozi alirudi akapiga kigelegele. "Jamani, mikono yangu ina baraka!" Majirani waliitwa waje kuona.

Bibi Shamba naye alifurahi, akafanya jambo ambalo hakuwa amewahi kulifanya. Akamleta mama yake. Mama huyo kazi ya binti yake hakuipenda hata kidogo. "Nani asiyejua kupanda nyanya?" alizoea kusema. "Unapoteza ujana wako kwenye matope, na hakuna unayemfundisha kitu." Siku hiyo Bibi Shamba alitaka mama yake aone kwa macho yake, basi.

"Tazama mama, mizizi ilivyoshika," alisema, akang'oa mche mmoja taratibu.

Mche ulitoka na kiriba chake, kile kimfuko cheusi cha plastiki cha kuuzia miche. Akang'oa wa pili. Kiriba. Wa tatu, kiriba.

Mama yake aliangua kicheko. "Hii ndiyo shule yako?"

Bibi Shamba alimgeukia Kinyozi. "Ni wewe?"

"Mpenzi, nilitaka tu..."

"Usiniite mpenzi! Niliona majani mapana mno kwa wiki moja, nikajiambia ni mvua. Nikajidanganya kwa sababu yako!"

Akatupa mche chini, akaondoka. Kinyozi alipiga simu mpaka kidole kikamuuma. Mwishowe ikapokelewa.

"Unataka nini?"

"Nisamehe. Niliogopa ungesema nimeharibu."

"Ningesema, ndiyo! Ningefoka, halafu tungesia mbegu upya. Kufa kwa miche ni sehemu ya somo. Umenivua nguo mbele ya mama yangu, unajua?" Akakata.

Nyumbani nako kulikuwa moto. Mama Kinyozi alimsubiri mlangoni, amevua kiatu kimoja na kukishika mkononi.

"Umenifanya nijisifu kwa majirani kwa jasho la watu wengine! Nani alikutuma unionee huruma?"

"Mama, niliogopa utarudi kukaa kwenye kochi."

"Mimi nimezika mume, nyanya ndizo zitanishinda? Toka uani kwangu!"

Kesho yake mama huyo huyo alikwenda kitaluni na khanga yake kiunoni. "Mwanangu," alimwambia Bibi Shamba, "mkwe usiwe, hiari yako. Lakini mimi bado ni mwanafunzi. Jumamosi uje."

Kinyozi alifunga saluni, akaenda kwa mtu aliyemwogopa kuliko wote: mama yake Bibi Shamba. Alisimama mlangoni kwa sababu hakukaribishwa ndani.

"Mama, binti yako alitufundisha vizuri. Alitukataza mbolea mbichi, mimi nikaimwaga. Waliofundishwa walifanya sawa. Mwongo ni mimi."

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Haya, nenda." Mlango ukafungwa.

Jumamosi Bibi Shamba alikuja na zile buti zake. Alifundisha kila kitu tangu mwanzo, na Kinyozi akaambulia amri tu: chimba, leta maji, ondoka hapo. Walipokuwa wakisia mbegu, geti likalia. Mama yake Bibi Shamba aliingia, akatazama matuta, akakunja mikono ya gauni lake.

"Huyo mjinga wako alikuja kwangu akajisema mwenyewe," alimwambia binti yake bila kutabasamu. "Mbegu inaingia chini kiasi gani? Nionyeshe."

Bibi Shamba alimwonyesha.

Baadaye Kinyozi alimfuata kwenye bomba alipokuwa akinawa.

"Nataka kukuoa. Na nikiharibu kitu, nitakuambia siku hiyo hiyo, hata ukinifokea mtaa mzima usikie."

"Nitakufokea."

"Najua."

"Bado nina hasira na wewe. Hasira kweli kweli."

"Hilo nalo nalijua."

Bibi Shamba alifunga bomba kabla tope halijamtoka, akajifuta mikono kwenye shati jeupe la Kinyozi, mbele na nyuma, mpaka likajaa tope lote.

"Nimekubali," alisema. "Ila leo usinisemeshe."