Maneno Aliyoyaruka Joyeuse

Joyeuse alikuwa na miaka kumi na miwili, na nyumbani kwao Maplewood, jimboni Minnesota, hakuna barua iliyofunguliwa bila yeye. Kila alipotoka shule, kabla hajavua hata koti, mama yake, Ernestine, alimkabidhi simu. "Ongea na hawa watu wa umeme, mwanangu." Baada ya umeme ni mwenye nyumba, na baada ya mwenye nyumba ni daktari wa meno. Wazazi wake walikuwa wametoka mashariki ya Kongo wakiwa watu wazima, na Kiingereza kilikuwa bado kinawakimbia. Kazi hiyo ya kutafsiri ilimchosha Joyeuse, na kama wengi wanaochoka, akaanza kuifanya kwa mkato. Watu wa umeme wakisema mengi, yeye alisema machache, na hakuna aliyejua.

Mwishoni mwa likizo ya kiangazi, familia yake ilipanga kwenda kupiga kambi pamoja na rafiki wa mama, Pascasie, na binti yake Générose. Watoto walikuwa wameiomba safari hiyo tangu theluji ilipoyeyuka. Mama alifunga unga na maharagwe huku akiguna.

"Tumeishi kambini kwa wakimbizi kwa shida miaka yote ile. Sasa tunaenda kambini kwa kupenda?"

Walikodi gari-nyumba kwa mzee mmoja wa mji wa Savage. Lilikuwa gari kubwa lenye vitanda, jiko la gesi na choo ndani yake, lile ambalo watu wa huku huliita RV. Mzee alianza kulieleza taratibu. Aliwaonyesha koki ya gesi iliyokuwa nje, nyuma ya kimlango kidogo. Isipofunguliwa, jiko na kipasha joto haviwaki. Akaonyesha kengele nyeupe ukutani: ikilia, wote watoke nje. Akasema mkaa usiwashwe ndani hata kidogo, kwa maana hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu. Kila mara alinyamaza, akamtazama Joyeuse atafsiri.

Générose alikuwa amekwisha kupanda kitanda cha juu na alikuwa akigonga kioo kumwita. Tena Joyeuse hakujua koki inaitwaje kwa Kiswahili, na aliona haya kusema hajui.

"Anasema nini?" akauliza baba yake, Sosthène.

"Anasema tulitunze gari lake vizuri."

"Maneno yote yale ni hayo tu?"

"Ni hayo tu, Papa."

Mzee akamuuliza kwa Kiingereza kama amewaambia yote. Joyeuse akajibu ndiyo, mguu mmoja ukiwa tayari kwenye ngazi ya gari.

Mvua iliwakuta njiani, na walipofika kambini kando ya mto St. Croix ilikuwa bado inanyesha. Siku hiyo walikula mkate na ndizi wakitazama maji yakitiririka kwenye madirisha. Kesho yake baridi ikazidi. Baba alijaribu jiko, halikuwaka. Akajaribu kipasha joto, nacho kimya.

"Bon, gesi imekwisha," alisema.

Joyeuse alikumbuka kile kimlango cha nje, akafungua mdomo. Kisha akawaza: nikisema leo, wataniuliza kwa nini sikusema siku ile. Akaufunga.

"Tuingize mbabula ndani," mama akasema. "Maharagwe yataiva na watoto watapata joto."

Mbabula ni jiko la mkaa, na mle ndani hamkuwa na mtu mzima ambaye hakukua akiota moto wake. Lakini nyumba za kwao zilikuwa na nyufa, na mlango ulishinda wazi. Gari lile lilikuwa limezibwa kila mahali ili baridi ya Minnesota isipenye. Mkaa ulipokolea, kengele ya ukutani ikaanza kulia kwa ukali.

Baba alicheka. "Hii ni ndugu ya ile ya nyumbani. Maman akikaanga samaki, inapiga kelele." Akapanda juu ya kiti, akaitoa betri.

Joyeuse aliyakumbuka maneno ya mzee: ikilia, wote watoke nje. Alijifariji kwamba wazee wa kizungu hupenda kuonya kupita kiasi, na kwamba maharagwe yatawahi kuiva. Wahenga walisema mficha maradhi, kifo humuumbua. Joyeuse alikuwa akificha, na kifo kilikuwa kimekaa nao mezani.

Haikupita muda, kichwa kikaanza kumgonga. Générose akasema anataka kutapika. Pascasie alisema ni njaa, lakini yeye mwenyewe alishika ukuta alipoinuka. Mama alikuwa amejilaza akilalamika kwamba macho yake ni mazito. Mdogo wake Joyeuse, Mugabo, wa miaka minne, alikuwa amelala muda mrefu kwenye kona yake, karibu na jiko.

"Mugabo, amka ule," Joyeuse akamwita. Akamtikisa. Kichwa cha mtoto kikaangukia upande mmoja na macho hayakufunguka.

Hapo aibu yote ilimtoka, ikabaki hofu tupu.

"Papa, tutoke! Tutoke wote! Ni mkaa! Yule mzee alisema mkaa ndani unaua!"

"Alisema lini?"

"Siku ile. Sikuwaambia. Tutoke kwanza!"

Baba hakuuliza tena. Aliupiga mlango teke, akambeba Mugabo hadi kwenye mvua. Wengine walimfuata wakiyumba, Pascasie akimkokota Générose kwa mkono. Joyeuse akapiga simu ya dharura, na safari hii hakuruka neno: mkaa, madirisha yaliyofungwa, kengele iliyotolewa betri, mtoto asiyeamka.

Hospitalini wote walivalishwa vinyago vya oksijeni. Mugabo alikaa na chake muda mrefu kuliko wote. Muuguzi hakumtumia Joyeuse kutafsiri. Alisema hiyo si kazi ya mtoto, akampigia simu mkalimani. Ilikuwa sauti ya mama mmoja mwenye Kiswahili cha Tanzania. Katikati ya maelezo alisema, "Samahani, neno hilo sikulielewa. Naomba nimuulize daktari arudie." Joyeuse alishangaa. Mtu mzima, na ndiyo kazi yake, amesema hakuelewa, na hakuna aliyemcheka.

Mugabo alipozinduka alilia akitaka maji. Mama alimkumbatia, akalia naye. Kisha akamgeukia Joyeuse. "Nilikaribia kuzika mtoto kwa sababu ya haraka yako." Baada ya hapo hakumsemesha tena.

Likizo ikaishia hapo. Siku waliyolirudisha gari, mvua ilikuwa bado inanyesha Savage. Mzee aliona kengele isiyo na betri, uso wake ukabadilika. Akauliza swali, akimtazama baba. Swali lile alipaswa kulitafsiri yeye.

"Anauliza, Papa, kama siku ile mimi niliwaambia habari za kengele na mkaa."

"Mwambie ukweli," baba akasema.

Akamwambia mzee kwa Kiingereza kwamba hakuwaambia, na kwamba alidanganya aliposema amesema yote. Kisha akayarudia yote kwa Kiswahili, ili wazazi wake wayasikie.

"Sasa mwombe aeleze tena," baba akasema. "Tangu mwanzo."

"Lakini tunarudisha gari, Papa."

"Najua. Aeleze."

Mzee akaanza upya, pole pole, wakiwa wamesimama kwenye mvua. Alipofika kwenye gesi, Joyeuse alisita. "Hiki cha kufungulia gesi sijui mnakiitaje, Papa."

"Koki," baba akasema. Akamwekea mkono begani. "Umeona? Neno moja tu. Joyeuse, tulikubebesha mzigo wa wakubwa, na hilo ni kosa letu. Kuanzia sasa kwa daktari tutaomba mkalimani. Lakini popote utakapotusemea, jua kwamba tumekupa masikio yetu. Ukisema hujui, tutauliza. Ukisema ni hayo tu, tutakuamini, hata kama tunakwenda kufa."

Joyeuse aliitikia kwa kichwa, machozi yakimtoka. Mzee alikuwa akingoja, naye akaendelea kutafsiri, neno kwa neno, hadi mwisho. Walipomaliza, mama, ambaye alikuwa kimya tangu hospitalini, alimsogeza Mugabo mbele.

"Mshike mkono mdogo wako," akasema. "Barabara hii ina magari mengi."