Baba Mdogo Alilipia Ada ya Stoo

Nina miaka thelathini na mmoja, mkazi wa Itigi, mama wa mtoto mmoja. Wasomaji wenzangu, mtoto huyo nilimsubiri miaka mingi, nikisimangwa na mawifi mpaka nikazoea. Ndiyo maana ninayowasimulia bado yananichoma.

Baba yangu alifariki nikiwa shule ya msingi. Aliyenilea ni baba mdogo, aliyekuwa mpiga picha za eksirei hospitalini. Alipostaafu akanunua mashine iliyokwishatumika, akafungua chumba chake karibu na stesheni, akaniita nipokee wagonjwa. Ningemkatalia vipi? Kwetu Wanyaturu baba mdogo ni baba, na baba hahojiwi.

Watu walitoka hadi Mitundu, huyu kaanguka mtini akirina asali, yule kagongwa na bodaboda. Kiti changu kiliegemea ukuta wa chumba cha mashine. Nilipapenda, palikuwa na ubaridi. Kila alipopiga picha, baba mdogo alivaa aproni nzito ya madini ya risasi, ya kuzuia mionzi. Mimi nilikuwa na kitenge changu tu.

Nikashika mimba... Nilimweleza yeye hata kabla ya mama mkwe, nikamwuliza kama pale nilipokaa ni salama.

Akacheka. "Mwanangu, ukuta huo unatosha kabisa. Mimi nikuweke pabaya?"

Nikaamini.

Mimba ilipotimiza miezi minne wakaja wageni wawili wa serikali, wale wanaosimamia mambo ya mionzi. Baba mdogo alikuwa ametoka kidogo. Mgeni hakai mikono mitupu, nikawawekea chai na asali. Wakauliza kama mashine bado iko stoo.

Nikajivuna kabisa. Stoo ya nini, wakati jana tu tumepiga watu tele?

Wakatazamana. Ndipo wakanieleza, taratibu, kama watu wanaotoa habari za msiba. Kila mashine ya mionzi hulipiwa ada ya kibali. Ya mashine iliyofungiwa stoo ni ndogo. Inayopiga wagonjwa hulipiwa zaidi, kwa kuwa lazima wakaguzi waje wapime kuta na milango. Baba mdogo alikuwa akilipia ya stoo. Kwa hiyo ukuta wangu haukuwahi kupimwa na mtu yeyote.

Aliporudi, aliona vikombe akasimama mlangoni. Wakamwambia awashe mashine. Mmoja akaweka kipimo cha mionzi juu ya kiti changu. Mashine ikapiga... na kipimo kikalia. Nilishika tumbo.

Mashine ikafungwa kwa lakiri. Nikawauliza kuhusu mtoto wangu. Wakasema huenda hajadhurika, lakini hawawezi kuniapia. Huenda! Mngelala nyie?

Baba mdogo akaapa mbele ya ukoo kwamba ukuta ule aliuamini na bado anauamini, kipimo chao ndicho kibovu. Mama akamwamini. Nami nilianza kulainika, maana ndiye aliyenisomesha.

Nikajifungua mtoto wa kike. Baba mdogo akaja kumwona. Nikamwamkia, "Shikamoo baba." Hakuitikia. Alimpokea mtoto, akafungua kanga, akaanza kukagua vidole, vya mikono kimoja kimoja, kisha vya miguu. Akapapasa mgongo, akapapasa kichwa.

Alipomaliza akashusha pumzi. "Marahaba, mwanangu."

Je, mtu aliyeuamini ukuta wake angetafuta nini kwenye vidole vya mtoto? Alijua. Siku zote nilizokaa pale, alijua. Nikamchukua mwanangu mikononi mwake, na hadi leo hajampakata tena. Ukoo unasema sina adabu.

Wenzangu, nawaomba. Ukifanya kazi penye mionzi, uliza ada iliyolipwa ni ya nini na ukuta umepimwa lini. Uliza hata kama mwenye mashine ni baba yako. Mimi niliuliza mara moja tu, heshima ikanifunga mdomo, na aliyekaa gizani tumboni mwangu akisubiri jibu ni mtoto asiyejua kusema.

Binti yangu sasa anatembea. Kila mtu anamsifu alivyo mzima. Lakini akijikwaa tu, mimi nahesabu vidole.