Mtafsiri wa Banda la Mtanda

Walijuana kwa kukanyagana. Soko la Lindi lilifurika watu wa sikukuu, Rosalia kavaa gauni la kitenge cha njano lililomkaa kisawasawa, na Dionis akaikanyaga kandambili yake hadi ikakatika.

"Pole, mrembo. Nikununulie nyingine?"

"Jinunulie macho kwanza."

Basi, jamaa akanasa. Mwaka mzima wakaitana mpenzi na kupigiana simu mpaka vifurushi vikate. Dionis alikuwa na banda la video mtaa wa Mtanda. Filamu za kigeni alizitafsiri mwenyewe kwa kipaza sauti, na kwa maneno hakuwa na mpinzani.

Kisha Rosalia, muuguzi aliyesota miaka mitatu kwa mama yake bila ajira, akaitwa kwenye usaili Mtwara, Jumatatu. Bila vyeti halisi hakuna kuingia. Alikuwa amempa Dionis avitolee kopi. Dionis akarudi mikono mitupu.

"Vimepotea, mpenzi."

Havikupotea. Alivifungia kabatini bandani, mwoga yule, akijua msichana akipata kazi Mtwara, kwake imetoka hiyo.

Jumamosi mchana Rosalia alikuja bandani kuyakimbia macho ya mama yake. Nyumba ilimbana, mji ulimbana, hata pumzi aliiona haba. Siku hiyo ilikuwa zamu ya watoto: katuni ya hadithi ya kale ya Ayalandi. Mwanamke wa baharini anavua ngozi yake ufukweni, anaolewa na mvuvi, na bila ngozi ile hawezi kurudi majini.

Picha ikamwonyesha mvuvi akiifungia ngozi sandukuni. Dionis akasogeza kipaza sauti.

"Hapa... mume anaitafuta ngozi ya mkewe. Maskini, imepotea."

"Muongo!" watoto wakapiga kelele. "Si huyo anaificha!"

Rosalia hakucheka. Aligeuka taratibu, akamkazia macho. Banda lilikuwa na mlango mmoja tu, na Rosalia ndiye aliyekaa mlangoni.

"Dionis, tafsiri vizuri."

Dionis akalitupia jicho kabati. Katuni ikaendelea bila sauti yake, watoto wakinung'unika.

"Ameificha yeye," akasema hatimaye, kipaza sauti kikiwa bado mdomoni, mtaa mzima ukisikia. "Aliogopa mke ataondoka. Vyeti viko kabatini, Rosa. Vyote."

Rosalia alivichukua, akavikumbatia huku machozi yakimtoka.

"Ungeniomba nisiende, ningekusikiliza. Wewe ukanifungia!"

"Nisamehe, mpenzi."

"Leo sina msamaha. Nina basi la kuwahi."

Wiki tatu Dionis alijifungia ndani, banda kufuli, simu mkononi. Alimpenda, na aibu ilimla. Siku ya ishirini na mbili simu ikaita.

"Kazi nimepata," Rosalia alisema.

"Hongera, Rosa. Naweza kuja kukuona?"

"Njoo. Nitakupokea stendi. Ila mkoba wangu wa vyeti hutaubeba mpaka nikuamini upya."