Mkwaruzo Chini ya Ngazi

Kila kibao cha zamu ya usafi kilipotundikwa mlangoni kwao, binti mdogo Merle alijua Jumamosi hiyo ni ya ufagio. Alifagia ngazi za jengo zima, toka ghorofa ya tatu hadi vyumba vya chini ya ardhi, ambako wapangaji waliweka viazi na baiskeli zao. Pale Esslingen, mji wa Ujerumani, zamu hiyo haikuwa na mchezo. Asiyefagia alisemwa wiki nzima.

Siku hiyo ngazi alizimaliza upesi. Alipofungua mlango wa vyumba vya chini, baridi ilimpiga usoni. Taa ikapepesa, ikazimika. Gizani, kitu kikakwaruza sakafu. Kimya. Kikakwaruza tena. Kisha ikasikika pumzi ndefu, nzito.

Merle aliubamiza mlango, akapanda mbio hadi kwao.

"Na chini umefagia?" mama yake aliuliza.

"Nimefagia."

"Haya, leo umekuwa mashine!"

Saa kumi, giza la Desemba likianza kuingia, Bi Aydin wa ghorofa ya pili alibisha hodi. "Samahani, jirani. Mmemwona mzee Knödler? Redio yake inaongea peke yake tangu asubuhi. Nagonga mlango wake, haitiki."

"Pengine yuko chini, anachagua viazi," mama alisema. Akamgeukia Merle. "Lakini wewe si ulikuwa huko? Ulimwona?"

Merle alitikisa kichwa. "Hakukuwa na mtu."

"Basi atakuwa bustanini kwake. Twende tukamwangalie, njia ina barafu."

Wanawake wale wawili walivaa makoti, wakatoka. Merle akabaki peke yake. Nyumba nzima ilinyamaza.

Ndipo bomba la kupasha joto chini ya dirisha lilipolia. Ko. Ko. Ko.

Alisogea taratibu, akaligusa. Chuma kilitetemeka kiganjani mwake. Ko. Kila mlio ulikuwa dhaifu kuliko uliotangulia. Bomba lile lilitokea chini, kwenye giza lile lile, na aliyekuwa akigonga alikuwa anaishiwa nguvu.

Merle alitoka na ndala za ndani, akakimbia juu ya theluji. "Mama! Rudini! Nimedanganya! Sikushuka chini!"

Walishuka wote watatu na tochi. Mzee Knödler alikuwa amelala sakafuni, rafu ya mbao imemwangukia mguuni. Mkononi alishika spana aliyogongea bomba.

"Nilisikia mlango ukifunguliwa, nikataka kuita, sauti haikutoka," alinong'ona. "Nikajua nimepona. Halafu ukafungwa."

Merle alilia mpaka gari la wagonjwa lilipofika.

Jumatatu mama alimpeleka hospitalini. Mguu wa mzee ulikuwa kwenye plasta, na uso wake umerudiwa na rangi.

"Babu, nisamehe," Merle alisema, macho chini. "Niliogopa."

"Mle ndani? Hata mimi naogopa, na nilihamia pale kabla mama yako hajazaliwa!" Mzee alicheka, akakohoa, kisha akamtazama kwa makini. "Sikiliza, binti. Woga wako siulaumu. Ungemwambia mama yako, 'Nimesikia kitu, naogopa,' angeshuka na tochi, nami ningetolewa mchana ule ule. Uliposema hakuna mtu, watu wema wawili walikwenda kunitafuta nisikokuwako. Ukweli hata ukikuaibisha, useme. Huwezi kujua nani anausubiri."