Jina Nililoandikisha kwenye Bahasha

Nina miaka thelathini na mmoja, sijaolewa, na naishi kwa mama yangu mtaani Waithaka, Nairobi. Msinihurumie bado... ngojeni kwanza mjue ujinga wangu!

Miaka minne iliyopita nilikuwa nasomea shahada ya pili ya fizikia. Nilikuwa nabuni kibao chenye mamia ya vipete vidogo vya shaba. Ukibadilisha umbo la vipete na nafasi iliyo kati ya kimoja na kingine, mawimbi ya redio yanapinda kwa namna ambayo shaba ya kawaida haiwezi kuyapinda. Ukiongeza au kupunguza umeme kidogo, yanageuka unavyotaka wewe. Mwanga nao ni wimbi, kwa hiyo ndoto yangu ilikuwa kuvipunguza vipete hivyo hadi viuongoze mwanga wenyewe. Kulikuwa na nafasi ya mtu mmoja kwenda ng'ambo kuikamilisha kazi hiyo. Mmoja tu!

Mburu, kijana wa Spring Valley, mtaa wa wenye nazo, alikuwa mwanafunzi mwenzangu na mchumba wangu. Wazee wake walikuwa wameshaleta mahari, mbuzi wakaliwa, mama akapiga vigelegele. Nilimpenda mpaka nikawa bwege.

Michoro yangu niliipeleka barabara ya River Road kwa Mzee Salim, mpiga chapa kutoka Mombasa, aitoe kwenye filamu, ile karatasi angavu ya plastiki, ndipo tuichonge kwenye shaba. Kila kazi aliitia kwenye bahasha, akaandika jina la mwenyewe juu yake na kwenye kitabu chake.

"Niandike jina la nani, binti?"

"La mume wangu," nikajibu kwa madaha. Mume! Na harusi bado...

Mzee alinitazama juu ya miwani. "Kazi yako, jina lake?"

Nikacheka. Mburu ndiye angepita kuzichukua, na mimi niliona fahari kulitamka jina lake. Bahasha ishirini na mbili, zote za Mburu!

Kumbe mwenzangu alikuwa anaziweka ziwe ushahidi wake. Aliomba ile nafasi ya ng'ambo kwa michoro yangu, vipimo vyangu, hata makosa yangu! Nilipolalamika, wakubwa wa idara walituita. Nikaenda na Mzee Salim awe shahidi. Alisema kweli, kwamba ni mimi niliyeleta kazi kila mara. Wakamwambia afungue kitabu. Akafungua, akasoma: Mburu, Mburu, Mburu...

"Nilikuwa namtuma tu," Mburu akasema, bila hata kunitazama.

Jamani, niliwakosea nini? Nikafukuzwa kwa kuiba kazi ya mtu! Yeye akapanda ndege, na kutoka huko akaniandikia kwenye simu: "Usinitafute tena. Ubarikiwe." Mama aliposoma ujumbe ule presha ilipanda, akapooza upande mmoja. Mpaka leo namlisha kwa kijiko.

Mzee Salim alinionea imani akanipa kazi. Nachapa kadi za harusi. Mwezi uliopita aliingia mama yake Mburu. Mwanawe amerudi, anaoa. Akanikazia macho, kisha akatabasamu.

"Aa, ni wewe! Si ndiwe uliyekuwa ukimsaidia Mburu kazi zake?"

Nilichukua bahasha, nikamuuliza niandike jina la nani.

"La mwanangu, bila shaka."

Nikaliandika kwa mkono wangu mwenyewe. Mara ya ishirini na tatu...

Dada zangu, mpendeni mwanamume, mpikieni, mfulieni mkitaka! Lakini siku mtakapoulizwa kazi hii ni ya nani, tajeni majina yenu, hata kama amekaa pale pembeni amenuna.