Joto Lililoitwa Hasara

Asubuhi hiyo ya Julai, sakitu, yaani umande ulioganda, ikiwa bado nyeupe juu ya majani, seva mbili za mji wa Lihanga zilipewa kazi moja: kuuendesha mji mzima. Seva ya zamani, ambayo mafundi waliiita Jembe, ndiyo iliyokuwa ikiuendesha kweli. Ile mpya, waliyoipa jina la Radi, ilipewa nakala tu ya kila swali lililoingia, ili ijulikane ipi ingetangulia kujibu.

Maswali yalikuwa ya kila namna. Ndege-wagonjwa, yaani yale magari ya hospitali yanayoruka bila rubani, ziliuliza njia katikati ya ukungu. Roboti za mashamba ya chai ziliuliza jani lipi limefaa kuchumwa. Watoto shuleni waliuliza hesabu zao. Jembe lilinguruma, feni zake zikavuma kama mashine ya kusaga. Radi ilikaa kimya ndani ya kabati lake jembamba, na majibu yake yalikuwa yamekwisha kutoka wakati Jembe bado linasoma swali.

Mhandisi Lusungu Kyando alisimama katikati ya hizo mbili, mikono nyuma. Yeye ndiye aliyepewa kazi ya kuzilinganisha na kutoa neno la mwisho.

Tofauti yao ilikuwa katika kichakataji. Hicho ndicho moyo wa seva, kipande kinachoenea kiganjani, na ndani yake mna viini vingi, kila kiini kama karani anayefanya hesabu zake peke yake. Jembe lilikuwa na makarani wachache, wenye bidii, lakini walaji wakubwa wa umeme. Radi ilikuwa na jeshi la makarani, na jeshi lote lilikula umeme kidogo kuliko wale wachache.

"Naona unamhurumia mzee," alisema Mkurugenzi Chaula, akiingia huku amejifunga skafu hadi masikioni. "Astaafu, apishe vijana."

"Amefanya kazi nzuri, Mkurugenzi."

"Nani amekataa? Tutampigia makofi. Lakini leo mzime, tuone huyu kijana akibeba mji peke yake mpaka mwisho wa wiki. Akiweza, lile kongwe tunalivunja."

Lusungu alipitisha macho kwenye kioo cha vipimo. Kasi, Radi. Umeme, Radi. Chini kabisa palikuwa na mstari alioupa jina yeye mwenyewe: hasara ya joto. Umeme ukishapita ndani ya kichakataji hugeuka joto, na joto hilo halina kazi katika hesabu. Jembe lilipoteza mno. Radi haikupoteza kitu cha kutajwa. Akalizima Jembe, na jumba likawa kimya kiasi kwamba alisikia pumzi zake.

Alasiri Shangazi Velisia alipiga simu. Huyo ndiye aliyewalea, yeye na mdogo wake Atuganile, tangu wazazi wao walipofariki. Sasa alikuwa akimuuguza Atuganile, aliyejifungua mtoto wa kiume.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba. Lusungu, bomba limepoa. Nimeligusa, liko kama pua ya mbwa."

Bomba hilo lilitoka kwenye jumba la seva, juu mlimani. Waliolijenga walipitisha maji kando ya Jembe, yakachukua joto lake, yakateremka nalo hadi nyumba zote za Mtaa wa Bondeni. Nyumba zenyewe zilijengwa kwa kulitegemea bomba: madirisha ya vioo viwili yasiyofunguka, kuta zisizo na tundu hata la mjusi, ili joto lisitoke.

"Ni jaribio tu, Shangazi. Tumewasha mashine mpya, na yenyewe haitoi joto."

"Kumbe! Ile ya zamani ilikuwa inatoka jasho kama mkulima. Hii mmeleta bwana harusi."

Lusungu alicheka. "Vumilieni mpaka mwisho wa wiki. Jifunikeni blanketi."

"Mimi nitavumilia, nimezaliwa na baridi hii. Mzazi je? Mzazi hakai kwenye baridi, mwanangu. Tangu lini?"

"Shangazi, niko kazini."

"Haya. Usijali, nitajua la kufanya."

Lusungu alirudi kwenye vipimo vyake. Radi ilikuwa imeuendesha mji mchana kutwa bila kosa hata moja.

Kesho yake asubuhi alipita Bondeni na chupa ya uji wa ulezi kwa ajili ya mzazi. Alibisha hodi. Akabisha tena. Mlango ulikuwa umezibwa kwa ndani, chini, kwa matambara, ikabidi ausukume kwa bega.

Katikati ya sebule palikuwa na jiko la mkaa, lile la miguu mitatu ambalo Shangazi alilihifadhi stoo kama kumbukumbu ya mama yake. Mkaa ulikuwa umekwisha kuwa majivu. Shangazi Velisia alilala kwenye mkeka kando ya jiko, ungo aliokuwa akipepelea ungali mkononi. Zamani, katika nyumba za udongo, moshi na hewa yake mbaya vilitoka kupitia paa na nyufa. Katika nyumba hii hapakuwa na pa kutokea. Hewa ya mkaa haina harufu, nayo haimwamshi mtu.

Chumbani, Atuganile na mtoto walikuwa bado wanapumua.

Lusungu akapaza sauti kwenye simu kuomba msaada, na kabla hajamaliza kutaja mtaa, Radi ilikuwa imekwisha kujibu. Alipowaburuta wawili hao hadi nje, ndege-wagonjwa ilikuwa inatua kwenye bustani ya jirani.

Hospitalini daktari alimwambia, "Msaada ungechelewa kidogo tu, mtoto tungempoteza."

Lusungu alielewa. Kama Jembe lingekuwa linaendesha mji, ndege ingechelewa. Kama Jembe lingekuwa linaendesha mji, ndege isingehitajika.

Siku ya mazishi ya Shangazi, Chaula alikuja kumpa pole, kofia mkononi.

"Pole sana, Mhandisi. Ajali ya mkaa ni mbaya."

"Ahsante. Lakini mkaa uliingiaje ndani, Mkurugenzi?"

Chaula akatazama chini. "Mimi nilisema lizimwe."

"Na mimi nikalizima, nikamwambia ajifunike blanketi. Neno langu ni hili. Radi ibaki, iendeshe mji. Ni bora, siwezi kusema uongo. Lakini Jembe halivunjwi mpaka kila nyumba ya Bondeni ipate joto kutoka mahali pengine. Na ule mstari wa mwisho niliuandika vibaya. Ile haikuwa hasara."

"Na Jembe litafanya kazi gani? Mashine haitoi joto bila kazi."

"Nimeshalipatia kazi."

Jioni, nyumba ya marehemu ilijaa watu. Wanawake waliketi sakafuni, wamejipanga ukutani, migongo yao imeegemea bomba. Huko juu mlimani Jembe lilikuwa linanguruma tena, na sauti yake iliwafikia kwa mbali kupitia bomba.

Atuganile, aliyeruhusiwa kutoka hospitali siku hiyo, alimweka mtoto mapajani, akamgeukia Lusungu.

"Dada, linafanya nini huko?"

"Linahesabu."

"Linahesabu nini?"

"Hakuna kitu. Nimeliambia lihesabu tu, lisimame nitakapoliambia."

Atuganile aligeuza kiganja chake, akakiweka juu ya bomba, akakiacha hapo muda mrefu. Kisha akasogea karibu zaidi na ukuta, yeye na mtoto.